Mama mdogo, hivi unalipwa kwa kufanya nini hasa?

Mwanangu, lile swali lako la Desemba pale barazani Sinza nililikwepa. Uliuliza mbele ya watu, mama yako akiwa anapepea mkaa: "Mama mdogo, hivi huko Ujerumani unalipwa kwa kufanya nini hasa? Na mimi nikija nitatoka?" Nikacheka, nikasema tutaongea. Kabla sijafungua mdomo baba yako akadakia kwamba mimi nakula euro za Wazungu ili niwazuie Watanzania kuchimba mafuta yao. Watu wakacheka, chai ikaletwa, ikapita hivyo. Leo ni Jumapili, Bonn yote imefungwa maduka, nina muda. Nakujibu hapa kwenye kundi la familia, maana najua si wewe peke yako unayejiuliza.

Kwanza, mimi si profesa. Mnaponiandika "Profesa" kwenye kadi za michango ya harusi mnanipandishia kiwango tu. Mimi ni mtafiti wa siasa za kimataifa za nishati na tabianchi, mwenye udaktari na mkataba wa muda. Kazi ni kufuatilia nchi gani imeahidi nini, nani atalipa, na kwa nini yaliandikwa maneno haya na si yale.

Nikupe mfano, maana mama yako nilipomweleza alidhani namtania. Tarehe 12 Desemba 2015 kule Paris, mkataba wa dunia wa tabianchi uko tayari kupitishwa, Wamarekani wakaona kwenye ibara ya 4 pameandikwa kwamba nchi tajiri "lazima" ziendelee kuongoza katika kupunguza gesijoto. Wao walitaka "zinapaswa". "Lazima" lingeweza kumlazimu Rais Obama kuupeleka mkataba Seneti, na huko usingetoka mzima. Ukumbi ukangoja. Mwishowe neno likabadilishwa, likaelezwa kuwa ni kosa la uandishi, na nyundo ikagongwa. Watu kama mimi tunaandika kurasa thelathini kuhusu neno kama hilo. Mama yako akaniuliza, "Na wanakulipa?" Wananilipa, dada.

Sekretarieti ya mkataba wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa iko hapa Bonn tangu 1996, na kila Juni wajumbe huja kuandaa mkutano mkubwa wa mwisho wa mwaka. Mimi huingia na kitambulisho cha mwangalizi. Maana yake, mlango ukifungwa nabaki nje. Nakaa chini kwenye zulia karibu na soketi, simu inachaji, nasubiri rasimu itoke ili nihesabu mabano, kwa sababu kila ambacho hakijakubaliwa hufungiwa kwenye mabano ya mraba. Kwenye mkutano huo wa Baku, Azerbaijan, Novemba 2024, tulikaa hivyo mpaka usiku wa manane wa kuamkia Jumapili. Nchi zinazoendelea zilitaka dola trilioni 1.3 kwa mwaka za kukabili mabadiliko ya tabianchi. Nchi tajiri zikaahidi kuongoza ukusanyaji wa bilioni 300 kwa mwaka, nazo si leo, ni kufikia 2035. Nyundo ikagongwa, ndipo mjumbe wa India akasimama kupinga. Nilikuwa na njaa na viatu vimenibana. Hiyo ndiyo "kusafiri dunia" mnayoiona kwenye picha zangu.

Tuje kwenye pesa, maana najua hapo ndipo unaposubiri. Nilipoanza udaktari nililipwa theluthi mbili ya ajira, ila kazi ilikuwa ya siku nzima, na jioni, na Jumamosi. Ndio utaratibu wao, hawaoni haya kuusema. Baada ya kodi na bima ziliingia kama euro 1,500. Chumba kilichukua 480. Ukizidisha kwa shilingi utaniona tajiri, na ndivyo baba yako anavyofanya kila akinipigia. Usizidishe. Mkate nanunua kwa euro, na kuna ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kila mwezi kwa kila nyumba, hata kama huna televisheni. Mimi sina. Nalipa. Sasa kipato kimepanda, siwezi kulalamika mbele ya watu wanaopanda mwendokasi ya saa kumi na mbili asubuhi. Lakini mchango wa harusi wa mtu wa Ulaya unahesabiwa kama wa watu watatu, na hilo nalo litawekwa mezani siku moja.

Kinachonikosesha usingizi ni mkataba wa kazi. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 2007 inaruhusu vyuo kukuajiri kwa muda kwa miaka 6 kabla ya udaktari na miaka 6 baada yake. Ikiisha, upewe ajira ya kudumu au utafute ustaarabu mwingine. Nafasi za kudumu ni chache mno. Mwaka 2021 watafiti walichachamaa mtandaoni, wenyeji kabisa, wenye wazazi hapa na nyumba ya kurudi. Sisi wengine kibali cha kukaa kinafuata mkataba. Mkataba wa miezi 8, kibali cha miezi 8. Kuna mkutano nilialikwa kutoa mada katika nchi nisiyoitaja. Viza ilifika siku mkutano unafungwa, na mada yangu ilisomwa na mwenzangu ambaye hajawahi kufika Afrika. Aliisoma vizuri, tatizo likaja kwenye maswali.

Sasa la baba yako, la mafuta. Aliniuma, kwa sababu huku naambiwa kinyume chake. Mwaka 2022, Septemba, Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulaumu bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443. Mwaka huo huo, Mei, Scholz, Kansela wa Ujerumani wakati huo, alikuwa Dakar akizungumzia gesi ya Senegal, na Desemba Ujerumani ikafungua Wilhelmshaven gati lake la kwanza la kupokea gesi ya kimiminika, haujaisha mwaka tangu vita vya Ukraine vianze. Darasani nikauliza: kwa nini gesi ya Lindi iwe dhambi na ya Wilhelmshaven iwe dharura? Mwanafunzi mmoja akaniuliza kwa adabu kama nimefadhiliwa na kampuni ya mafuta. Basi Bonn mimi ni wakili wa mafuta, Sinza mimi ni kibaraka wa wanamazingira. Na kusema kweli, bomba lenyewe nina wasiwasi nalo, si kwa sababu Ulaya imesema. Shirika letu la mafuta, TPDC, lina hisa asilimia 15 tu, na mimi huanza kusoma mradi wowote kwa kuangalia hisa.

Lakini jambo ambalo sikuweza kulisema barazani ni hili. Kinachonipa kazi huku ni nyumbani. Sina ujuzi wa hesabu za anga kuwazidi hao. Wananichukua kwa sababu najua LUKU, umeme wa kulipia kabla, inavyokatika usiku mtoto anapikiwa uji, najua mkaa unauzwa kwa kopo, najua nani wa kumsalimia kwanza ofisini. Na ujuzi huo unapitwa na wakati. Niliandika makala kuhusu mgao wa umeme Dar es Salaam. Wahakiki wakaishikilia, rudisha, rekebisha, miaka miwili. Ilipochapishwa, Bwawa la Nyerere kule Rufiji lilishawasha mitambo yake ya kwanza kati ya 9, yenye megawati 2,115 kwa ujumla. Nikamtumia mama yako kiungo kwa majivuno. Akajibu: "Mdogo wangu, mgao upi?"

Desemba ndipo niliona zaidi. Mtungi wa gesi wa kilo 15 umekaa kona ya jiko umevikwa kitambaa cha kushona, maharage yako kwenye mkaa. Serikali ina mkakati wa 2024 hadi 2034, asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia. Kwenye dodoso nyumba yenu ingehesabiwa kuwa ya gesi. Nilimuuliza mama yako, akanitazama kama mgeni: gesi ni ya chai na mayai, nani atachomea maharage gesi? Miaka ya nyuma nisingehitaji kuuliza.

Kwa hiyo, uje? Shahada ya uzamili njoo ukipata ufadhili kamili, wa kukopa usije. Ila kabla ya hapo fanya kazi huko miaka miwili mitatu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kituo cha masomo ya tabianchi; nenda kagonge mlango, jifunze takwimu mpaka zikuchoshe, na Kijerumani uanze sasa, maana ofisini tutaongea Kiingereza lakini barua ya bima haitakuonea huruma. Kuhusu kutoka kimaisha, wenzangu niliosoma nao Mlimani waliobaki wana viwanja Goba na Bunju. Mimi nina vitabu.

Mkataba wangu unaisha Septemba. Nimeomba fedha za mradi kuhusu mkaa na gesi Dar es Salaam. Zikipatikana, nitatafuta msaidizi wa kupita nyumba kwa nyumba Sinza, Manzese na Mbagala akiangalia kinachopikwa na kinachopikia. Nafasi itatangazwa. Omba kama wengine, usiandike kwamba mimi ni mama yako mdogo, sitakuwa kwenye usaili. Na mwambie mama yako akivue kile kitambaa, mtungi upumue.