Kitovu cha Omega Centauri kikitoka cheupe: punguza sekunde, usinunue darubini kubwa

Mkuu, nimeitazama picha yako mara kadhaa kabla ya kujibu. Umesema una darubini ya kioo ya milimita 130 yenye urefu wa fokasi wa milimita 650, kamera ya DSLR yenye sensa ya APS-C, na stendi ya ikweta yenye mota, yaani inayoizungusha darubini kufuata anga. Umepiga Omega Centauri, kile kishada kikubwa cha nyota zilizobanana, kwa dakika 2 kwenye ISO (kiwango cha kukuza mwanga kwenye kamera) 3200, na kilichotoka ni bonge jeupe katikati, huku nyota za pembeni zikiwa na mikia. Unauliza uongeze muda au utafute darubini kubwa zaidi. Usifanye lolote kati ya hayo. Punguza muda, na darubini uliyonayo inatosha kabisa.

Nilikwama hapohapo ulipo. Mimi nilianza na nebula, mawingu ya gesi na vumbi angani, ambazo mwanga wake ni hafifu na umetandaa, kwa hiyo nikazoea kwamba kadiri shata inavyokaa wazi ndivyo picha inavyonoga. Nikaja na mazoea hayo kwenye vishada vya nyota. Kila kishada tufe nilichopiga, yaani vile vilivyobanana kama mpira, kilitoka kama taa iliyowashwa ndani ya ukungu. Nikalaumu kioo, nikalaumu anga. Usiku mmoja mawingu yalikuwa yanakuja kwa kasi, nikashusha muda hadi sekunde 10 ili angalau nipate fremu chache kabla anga halijafungwa. Nilipozifungua kesho yake, kwa mara ya kwanza niliona nyota mojamoja hadi karibu na kitovu. Vifaa vilikuwa vilevile.

Sababu yake ni hii. Nyota haitandazi mwanga wake. Iko mbali kiasi kwamba kwenye sensa inabaki nukta, na mwanga wake wote unaangukia pikseli chache. Pikseli ina kikomo cha kupokea mwanga, mfano wa ndoo: ikijaa, kinachoongezwa kinamwagika tu. Faili ya RAW, yaani data ghafi ya kamera, ya biti 14 haiwezi kuandika thamani zaidi ya 16,383. Nyekundu, kijani na buluu zote zikifika huko, nyota inakuwa nyeupe, na hakuna programu itakayoirudishia rangi. Katikati ya Omega Centauri nyota zimesongamana mno, hivyo madoa yaliyojaa yanaungana na kuwa bonge moja. Na ISO 3200 inazidisha tatizo, kwa sababu kila unapoipandisha ISO mara mbili, nafasi iliyobaki kabla ya kuungua (pikseli kujaa na kuwa nyeupe) inapungua kwa nusu.

Anza na ISO 800, sekunde 10 hadi 20, halafu piga fremu nyingi, 100 au zaidi. Chengachenga utakazoziona kwenye fremu moja zisikutie hofu. Ukipandanisha fremu 4, yaani kuziunganisha kuwa picha moja kwa programu, zinapungua kwa nusu, na ukipandanisha 100 zinabaki sehemu moja ya kumi. Fremu 100 za sekunde 15 ni dakika 25 tu. Muda unaotafuta utaupata kwenye jumla, huku kila fremu ikibaki haijaungua.

Kuhusu darubini kubwa: sensa yako ina upana wa takriban milimita 23.5. Kwenye urefu wa fokasi wa milimita 650, picha inachukua anga la karibu digrii 2 kwa digrii 1.4. Omega Centauri ina upana wa kama digrii 0.6, yaani inaizidi kidogo duara ya Mwezi unavyoonekana kwa macho. Inakaa vizuri, na nafasi inabaki kuizunguka. Ukiongeza urefu wa fokasi utaongeza pia kila kosa la stendi, na hapo ndipo mateso halisi yanapoanza.

Sasa tuje kwenye ile mikia, maana ndiyo iliyonifanya niandike kwa kirefu. Umbo la nyota linakuambia ugonjwa uko wapi, ukijua kulisoma. Kuza picha hadi asilimia 100, tazama pembe zote nne kisha katikati. Nyota zote zikiwa zimevutika upande mmoja, katikati hadi pembeni, tatizo ni ufuatiliaji: stendi haijaelekezwa sawasawa kwenye ncha ya anga (ile nukta ambayo anga linaonekana kuizunguka), au upepo, au mtu amegusa tripodi. Za katikati zikiwa duara safi lakini za pembeni zina mikia inayoelekea nje, kama vimondo vinavyokimbia kutoka katikati, hiyo ni koma, tabia ya kioo cha f/5 (urefu wa fokasi mara tano ya upana wake) yenyewe. Nyota zikiwa na tundu katikati mithili ya pete, fokasi imepotea. Mikia ikiwa upande mmoja wa picha tu, au hata za katikati zina mkia mfupi, angalia ulinganifu wa vioo. Nyota za pembetatu nazo hutokana na klipu zinazokibana kioo kikuu kupita kiasi. Zilegeze hadi karatasi ipite chini yake.

Kwenye picha yako naona mawili yamechanganyika. Mikia ya pembeni inaelekea nje, hiyo ni koma. Lakini hata za katikati zimevutika kidogo, zote upande mmoja, na hiyo ni stendi. Koma utaiondoa kwa lenzi ya kurekebisha koma, au ukate kingo za picha. Mimi nilikata kingo kwa muda mrefu kabla ya kununua lenzi hiyo, na kwa kishada kinachokaa katikati hupotezi kitu cha maana.

Ufuatiliaji una habari njema. Anga huzunguka sekunde-tao 15 kila sekunde (digrii moja ina sekunde-tao 3,600), na ukiwa na pikseli za takriban mikroni 4, pikseli moja kwako ni kama sekunde-tao 1.25. Bila mota, nyota iliyo karibu na ikweta ya anga inavuka pikseli nzima kwa chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Lakini mota ikiwa inafanya kazi, hata ukiikosa ncha ya anga kwa theluthi ya upana wa Mwezi, kwenye fremu ya sekunde 30 nyota itahama kama pikseli moja tu. Kwa dakika 2 kosa hilohilo linakuwa pikseli nne, na ndiyo mikia yako ya katikati. Muda mfupi unakuponya magonjwa mawili kwa mpigo.

Kuipata ncha ya anga, Nyota ya Kutubu husaidia kaskazini. Kusini kuna Sigma Octantis, ambayo ni hafifu na inasumbua kuipata, hasa anga likiwa na mwanga wa taa. Usipoiona ncha kabisa, tumia njia ya kuangalia mhamo: chagua nyota karibu na ikweta ya anga inapopita juu kabisa, itazame kwa dakika kadhaa kama inapanda au inashuka, sogeza stendi kidogo kulia au kushoto, tazama tena. Ikitulia, nenda kwenye nyota iliyo chini upande wa mashariki au magharibi ufanye hivyohivyo kwa kuinua au kushusha. Inachosha, lakini nimeifanya miaka kadhaa na haijaniangusha. Hata hivyo gia za stendi za bei nafuu huyumba zenyewe, kwa hiyo utatupa baadhi ya fremu. Mimi hutupa hadi theluthi na sihuzuniki.

Fokasi usiibahatishe. Karibu na Omega Centauri kuna Rigil Kantori, nyota angavu kabisa, itumie hiyo. Weka kifuniko cha Bahtinov, chenye mipasuo inayofanya nyota itoe miale, mbele ya darubini, fungua skrini ya kamera, kuza mara 10. Utaona miale miwili iliyopishana na wa tatu unaohama ukizungusha fokasi. Ukikaa katikati kamili, kaza skrubu na ondoa kifuniko. Nimewahi kupoteza fremu za usiku mzima kwa kusahau kukiondoa, na kila nyota ikatoka na miale sita. Kumbuka pia kwamba bomba la chuma husinyaa likipoa, kwa hiyo hakiki fokasi kila baada ya nusu saa hadi saa nzima.

Mengine kwa haraka. Piga RAW, JPEG achana nayo. Zima ule mpangilio wa kamera wa kupunguza chengachenga kwa muda mrefu, maana unakula nusu ya usiku wako. Tumia remoti ya kuhesabu muda, usibonyeze kwa kidole. Ili programu isafishe chengachenga za sensa na vivuli vya vumbi, piga fremu za giza 20 hivi kwa kufunika darubini, kwa muda na ISO zilezile, na fremu za mwanga sawa kwa kutandika kitambaa cheupe juu ya bomba na kuielekeza kwenye anga la juu jioni linapoanza kufifia au skrini nyeupe, bila kugeuza kamera wala fokasi. Na usiifanyie kamera ule upasuaji wa kuondoa kichujio cha ndani ambao wenzetu wa nebula wanausifu. Unasaidia kunasa mwanga mwekundu wa hidrojeni, na vishada tufe havina haja nao.

Kwenye kompyuta, pandanisha fremu kwa Siril, ni ya bure. Ukifika hatua ya kung'arisha picha, tumia asinh, njia ya kung'arisha iliyomo humo, badala ya kuvuta mikunjo kwa nguvu, kwa sababu inalinda rangi za nyota. Hapa kuna kipimo ninachokiamini. Vishada tufe ni vizee, vina umri wa miaka bilioni 10 na zaidi, na nyota zake angavu zaidi ni majitu mekundu. Omega Centauri ikitoka yote nyeupe au ya buluu, umekosea rangi au umeunguza. Inatakiwa iwe na umanjano hafifu, na vitone vya machungwa vimetapakaa juu yake. Kitovu kikikataa kutulia, piga seti nyingine ya sekunde 3 hadi 5 na uichanganye pale katikati tu, kwa GIMP au programu yoyote yenye tabaka.

Kilimia ndicho kishada kinachoenda kinyume na karibu yote niliyosema. Nyota zake ni changa, zina miaka takriban milioni 100, na zinapita katikati ya vumbi linaloakisi mwanga wao wa buluu. Ukitaka lile vumbi, rudi kwenye dakika 2 au 3, saa kadhaa kwa jumla, mbali na taa, bila Mwezi, na uzikubali zile nyota kubwa kuungua. Kinachukua kama digrii 2 pia, kwa hiyo kwenye darubini yako kitabana. Lenzi ya kawaida ya milimita 200 hadi 300 inakifaa zaidi.

Ukimaliza Kantarusi, kundi la nyota lenye Omega Centauri, usiku huohuo sogea kundi la jirani la Salibu, utafute kile kishada kidogo ambacho John Herschel alikifananisha na vito vya rangi mbalimbali, NGC 4755. Fremu 60 za sekunde 8 kwenye ISO 400. Kuna nyota moja ya machungwa katikati ya zile za buluu. Ukiiona ina rangi yake kwenye fremu moja kabla ya kupandanisha, weka hapa hiyo RAW tuiangalie.