Apatimenti ya Monica New York utaipata wapi? Jibu la bawabu wa Manhattan

Mleta uzi umeuliza mambo mawili, inakuwaje kwenye Friends, ile komedi ya TV ya Kimarekani, Rachel mhudumu wa kahawa na Monica mpishi wanakaa kwenye apatimenti kubwa vile katikati ya Manhattan, na wewe ukija kusoma New York utegemee kulala sehemu ya namna gani. Waliotangulia wamekujibu "zile ni komedi tu mzee usiwaze" halafu wakahamia kubishana Friends na Seinfeld, komedi nyingine ya New York, ipi kali. Sasa hapo umeingia ofisini kwangu. Mimi ni bawabu kwenye jengo moja la kupangisha upande wa magharibi wa Manhattan, mwenyewe nalala Bronx, upande mwingine wa jiji, na kazi yenyewe ni kufungua mlango, kupokea vifurushi, kuita teksi, na bomba likipasuka juu huko napanda na fundi, so majumba ya watu nimeyaona ndani, ya wenye nazo na ya wanaojikongoja.

Tuanze na ukubwa wa sebule. Friends haijapigwa New York, imepigwa studio za Warner Bros. kule Burbank, California, miaka yote kumi 1994 mpaka 2004. Lile jengo linaloonyeshwa kwa nje ndo lipo kweli, kona ya barabara za Bedford na Grove, mtaa wa Greenwich Village, ukipita pale muda wowote kuna watalii wanapiga selfi, ila chini hakuna Central Perk, ule mgahawa wao wa kahawa. Ndani yote ni mbao za Burbank. Na ile sebule ni kubwa sababu komedi za aina ile zinapigwa mbele ya watazamaji waliokaa kwenye viti vya ngazi, kamera kadhaa zinatembea mbele yao, kwa hiyo nyumba inakuwa na kuta tatu tu, ule wa nne ndo upande wa watu. Chunguza utaona sofa zote zinaangalia upande mmoja, na watu sita wakila mezani upande mmoja wa meza haukaliwi na mtu. Chumba cha kweli cha Manhattan ukiweka kamera mbili tu muigizaji inabidi akae dirishani.

Na huu mchezo haukuanza na Friends. I Love Lucy ya 1951 stori yake ni mke na mume wapangaji wa Manhattan, wakati huo vipindi vingi vikubwa vya TV vilikuwa vinarushwa laivu kutokea New York na wadhamini walitaka na wao wahamie huko, Lucille Ball na mumewe Desi Arnaz wakagoma kuondoka Hollywood, ndo ikawa inapigwa kwenye filamu kwa kamera tatu mbele ya watazamaji halafu inapelekwa nchi nzima. Tangu hapo New York nyingi unayoiona kwenye komedi inatengenezwa California. Hata jengo la Jerry kwenye Seinfeld, ile picha ya nje ni jengo la Los Angeles, wakati kwenye stori anakaa mtaa wa 81 Manhattan. Mgahawa wao tu ndo wa kweli, Tom's, upo Broadway na mtaa wa 112, na wenyewe ni ile picha ya nje, ndani kwake hapafanani kabisa na kwenye TV.

Sasa kodi. Hapa wengi hawajui kwamba waandishi wa Friends walijibu swali lako mle mle ndani ya stori, ile apatimenti sio ya Monica, ni ya bibi yake, kodi yake inadhibitiwa na sheria, na Monica anakaa kimagendo kwa jina la bibi. Kuna epizodi ya 1997 Joey, rafiki yao wa mlango wa pili, anagombana na Treeger, yule msimamizi wa jengo, jamaa anatishia kuwachoma kwa mwenye nyumba watolewe, inabidi Joey akubali kucheza naye dansi ili yaishe. Watu wanacheka dansi, mimi nacheka ule mkwara maana ni wa kweli kabisa. New York kuna kodi za zamani ambazo mpangaji lazima awe amekaa humo mfululizo tangu kabla ya Julai 1971, na jengo lenyewe liwe limejengwa kabla ya 1947, na ndugu anaweza kurithi kama alikuwa anaishi humo na mwenye jina kwa miaka miwili kabla hajaondoka au hajafariki. Baada ya hapo lipo kundi kubwa zaidi la nyumba ambazo kodi haipandi kiholela, kila mwaka kuna bodi inapanga kiwango cha kuongeza. Kwenye jengo letu wapo wazee wa namna hiyo, mlango huu analipa kahela kadogo, mlango unaofuata kijana wa benki analipa mara kadhaa ya hiyo na vyumba ni vile vile. So kiufupi apatimenti ya Monica ipo, ila lazima uwe na bibi aliyefika hapa kabla hujazaliwa.

Wewe huna huyo bibi. Mwenye nyumba wa kawaida hapa anataka mshahara wako wa mwaka uwe mara 40 ya kodi ya mwezi, yaani kodi ikiwa dola 2,000 uwe unaingiza 80,000 kwa mwaka, kama huna ulete mdhamini na yeye wengi wanamtaka awe na mara 80, yaani 160,000. Halafu wanaangalia historia yako ya mikopo, ambayo mgeni aliyeshuka juzi hana kabisa, hata kama Bongo hujawahi kudaiwa na mtu. Na ile mbinu yetu ya kumfumba mdomo mwenye nyumba kwa kumwaga kodi ya miezi sita au mwaka mzima hapa ni ngumu, sheria ya 2019 imemkataza kuchukua dhamana au kodi ya mbele ya zaidi ya mwezi mmoja. Nzuri kwa mpangaji, ila kwa mgeni mwenye keshi na asiye na makaratasi ni ukuta.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, kipimo changu cha hizi komedi ni kimoja, je hela inauma? Kama hela haiumi hiyo sio New York, ni sofa tu.

Friends hela iliuma kwa nguvu mara moja, ile epizodi ya 1995 Rachel, Phoebe na Joey wanakaa mgahawani wanaagiza vitu vidogo vidogo sababu hawana kitu, wenzao watatu wanakula kisawasawa, halafu bili inakuja wanaambiwa igawanywe sawa. Daah ile meza naijua. Mwisho wake Monica aliyekuwa ametoka kupandishwa cheo anafukuzwa kazi kwa sababu ya nyama aliyopewa zawadi na muuzaji. Sizoni nzima ingekuwa vile ningewavulia kofia, ila wiki inayofuata wote wako kwenye sofa mchana kweupe wanakunywa kahawa, anayeenda kazini nani haijulikani.

Hilo la sofa ndo uongo unaoniudhi kuliko hata ukubwa wa nyumba. Marafiki sita kuonana kila siku bila kupanga! Mimi na washikaji niliokuja nao, mmoja yupo Queens, mwingine kavuka New Jersey, mwingine anapiga shifti ya usiku nyumba ya wazee, tunaonana kwenye misiba tukichangishana kusafirisha mwili, na kwenye harusi. Kutoka Bronx mpaka Queens treni lazima ushuke Manhattan kwanza uunganishe nyingine, wikiendi ndo hata usiombe, matengenezo kila mahali. Na ile ya Kramer wa Seinfeld kuingia kwa jirani yake Jerry bila hodi nayo isahau, majengo ya hapa milango ina kufuli juu ya kufuli.

Ila Seinfeld nawapa heshima yao kwenye mambo ya nyumba, waliandika watu wanaoujua huu mji. Kuna ya 1991 bibi wa juu anafariki, na kabla hata msiba haujapoa kila mtu anaulizia apatimenti, Jerry anamwambia rafiki yake Elaine ipo kwa dola 400 kwa mwezi halafu anatokea mtu anataka kutoa 5,000 za chini ya meza apewe yeye. Mimi hapa mlangoni akipita mzee kwenye machela ya ambulensi kuna watu wananisogelea kwa upole kweli kweli, "hali yake vipi yule mzee?", na najua wanachoulizia. Ile ya msosi maarufu ya 1995, ya yule muuza supu mkali, watu wote wanakumbuka supu, mimi nakumbuka kabati. Elaine ananunua kabati Jumapili, jengo haliruhusu kuhamisha vitu Jumapili, inabidi aliache barabarani Kramer alilinde mpaka linaibiwa. Hiyo ni sheria ya majengo mengi, wakija watu na gari la mizigo Jumapili mimi ndo wa kuwaambia hapana, na ninatukanwa mimi, sio mwenye jengo. Na kuna ile George, rafiki mwingine wa Jerry, anakuwa na kibarua cha kuhamisha magari ya watu kutoka upande mmoja wa barabara kwenda mwingine, usidhani ni utani, hapa siku fulani za wiki upande mmoja unatakiwa uwe wazi gari la kufagia lipite, usipohamisha faini, watu wanakaa ndani ya gari na kahawa yao wanasubiri mfagiaji apite warudi pale pale.

Sasa kwa sisi wabeba boksi komedi yetu ni Everybody Hates Chris, 2005 mpaka 2009, utoto wa mchekeshaji Chris Rock, mtaa wa Bed-Stuy Brooklyn miaka ya themanini. (Na yenyewe imepigwa Los Angeles, usinicheke.) Yule baba yake Julius, anayechezwa na Terry Crews, ana kazi mbili na anajua bei ya kila kitu ndani ya nyumba. Maziwa yakimwagika mezani ni senti 49 zinachuruzika na lazima mtu ayanywe, saa ya ukutani ichomolewe usiku maana ukiwa umelala husomi saa na inakula senti mbili kila lisaa. Analala mchana na watoto hawaruhusiwi kupiga kelele. Niliiangalia nikiwa nashea chumba na jamaa wa shifti tofauti, mimi naingia yeye anatoka, kitanda hakipoi, na hakuna aliyenihadithia maisha yangu kama yule mzee. Mke wake Rochelle anaacha kazi kwa kujiamini na kumwambia kila bosi kwamba mumewe ana kazi mbili, wakati huo mume mwenyewe amechoka hata kukaa mezani anasinzia.

Hiyo damu ni ya zamani. The Honeymooners ya 1955, epizodi 39 tu, dereva wa basi wa Brooklyn na mkewe Alice kwenye chumba kitupu, meza, jiko na jokofu la kizamani, mazungumzo yote ni hela. Kule Chicago kulikuwa na Good Times kuanzia 1974, familia ya Evans kwenye magorofa ya serikali, baba anatafuta kibarua kila epizodi mpaka walipomuua kwenye stori 1976, na kwangu mimi ile siriz iliishia pale.

Kuna mdau hapo juu kauliza weusi wako wapi kwenye Friends, swali zuri, jibu ni Living Single. Ilianza 1993, mwaka mmoja kabla ya Friends na kampuni ile ile ya Warner Bros., marafiki sita wa Brooklyn, Queen Latifah anacheza dada mwenye jarida lake, wanaume wanakaa ghorofa ya juu, na Max wakili hakai pale ila kila siku yupo kwenye friji la wenzake. Mapishi yale yale, ladha nyingine, lakini ukitaja duniani wanajua Friends tu. Nyie mtajaza sababu.

Na kama unataka kumuona Mwafrika mgeni mwenyewe, tafuta Bob Hearts Abishola, 2019 mpaka 2024, ya Detroit sio New York, nesi wa Kinaijeria anayeishi kwa mjomba na shangazi yake na mtoto wake. Epizodi nyingi ana mazungumzo na rafiki yake ndani ya basi la kwenda kazini, na wale Wanaijeria wa ghala la soksi la Bob, yule mzungu anayempenda, mmoja ni msomi wa uchumi kwao huko. Nikikuhesabia watu wa hivyo ninaowajua hapa tutakesha.

Kuhusu malazi sasa, mdogo wangu, tafuta chumba kimoja ndani ya apatimenti ya watu, Bronx au Brooklyn ya ndani ndani, kwa mtu aliyethibitishwa na mtu unayemjua, usitume hela kwa dalali wa mtandaoni hujaona hata mlango. Ulizia kama jina lako litaandikwa kwenye mkataba, kama halitaandikwa basi wewe ndo Monica na siku Treeger akikasirika utajua kucheza dansi. Usihamie Jumapili. Na ikitokea Mungu kakubariki ukapata jengo lenye bawabu, tafuta komedi ya zamani The Jeffersons uangalie yule bawabu Ralph anavyosimama mkono umekinga mpaka apewe chochote. Sisi wa siku hizi hatukingi mkono, ila Desemba kila mlango unashusha bahasha chini, na tunajua nani hajashusha.