Supamaketi ya bei ya chini inatosha kwa shopingi ya wiki? Hapa Nakuru, inatosha nusu

Binamu yangu amerudi kukaa Nakuru baada ya miaka mingi Uingereza, na jambo la kwanza aliloniuliza halikuwa shule za watoto wala maji ya mfereji. "Kaka, hapa Aldi yenu ni gani?" Kule alizoea kuingia duka moja Jumamosi asubuhi, kujaza troli na kurudi nyumbani na chakula cha wiki nzima. Nilimjibu kwa mdomo, lakini swali hilo huulizwa pia na vijana waliooa juzi ambao ndio wanaanza kujua bei ya sabuni, kwa hiyo nimeona heri niliandike.

Kenya hatuna Aldi wala Lidl. Maduka hayo ya Kijerumani huuza rahisi kwa sababu unazoziona ukiingia tu: bidhaa si za aina nyingi, katoni hupasuliwa mdomo na kuwekwa kwenye rafu jinsi ilivyoshuka kwenye lori, vitu vingi vina nembo ya duka lenyewe, wafanyakazi ni wachache na mteja hujifungashia mwenyewe. Aldi iliingia Uingereza mwaka 1990. Mwaka huohuo Naivas ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kama duka dogo la Rongai, hapa hapa kaunti yetu. Quickmart nayo ilianzia Nakuru mwaka 2006, na Nakumatt, kabla ya kuwa ile Nakumatt tuliyoijua, ilikuwa biashara ya magodoro mjini humu. Jina lenyewe linasema: Naku ya Nakuru, matt ya "mattress", yaani godoro. Watu wa Nakuru hawakuanza jana kusukuma troli.

Tulicho nacho kinachokaribia Aldi ni supamaketi za jumla na rejareja. Utazijua kwa sakafu ya saruji, katoni zilizopangwa hadi karibu na dari, na lebo yenye bei mbili: moja ya kipande kimoja, nyingine ukichukua kuanzia vitatu, sita au dazeni. Ukielekea magharibi, Kitale, Bungoma na Kakamega, Khetia's imelea vizazi kwa mtindo huo. Zaidi ya hizo kuna supamaketi kubwa za kawaida zenye bidhaa za nembo zao kwa bei ya chini, na ofa zao za mwisho wa mwezi.

Jibu langu ni kwamba maduka haya yanafaa sana kwa vitu vya kabati, na hayafai kwa vitu vya friji na kikapu cha mboga. Tena kwetu hayana haja ya kufaa kwa hivyo vya pili, kwa sababu Nakuru ina soko ambalo hakuna supamaketi itakayolishinda kwa bei wala kwa ubichi.

Nianze na kabati, maana hapo ndipo pesa huokolewa, na hapo hapo ndipo watu huibiwa mchana peupe.

Sukari na chumvi nunua ya bei ya chini kabisa bila wasiwasi. Supamaketi haina shamba la miwa; hupakiwa tu sukari kwa jina lake. Geuza pakiti usome imepakiwa na nani, utazame alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na tarehe, basi. Viberiti, dawa ya kusafishia choo, mafuta ya kujipaka, vyote hivyo nembo yoyote itafanya kazi. Sabuni ya unga ya bei ya chini hutoa povu kidogo, lakini kwa sare za shule ukiloweka usiku haina shida. Majani ya chai ndiyo sifanyii mchezo. Nimejaribu yale ya bei ya chini, na nikawa naweka vijiko viwili mahali pa kimoja ili chai ipate rangi. Hapo umeokoa nini?

Mchele unataka macho. Pakiti imefungwa, huwezi kuchota ukauangalia kiganjani, kwa hiyo ipindue kwanza, uitikise kidogo, kisha utazame pembe ya chini. Vumbi jeupe na punje zilizokatika hukusanyika hapo. Zikiwa nyingi, huo mchele utashikana sufuriani uwe uji, na bei uliyopunguziwa utailipa kwa mfuko wa pili kabla mwezi haujaisha. Na pakiti iliyoandikwa pishori, ule mchele wa kunukia, halafu inauzwa kwa bei ya mchele wa kawaida, iache. Pishori ya Mwea haina bei hiyo, na kuchanganya ni kazi ya watu wengi. Ndengu na maharagwe ya pakiti ya bei ya chini ni sawa, ila chagua mawe kwa subira. Jino la mtoto ni ghali kuliko punguzo lolote.

Sasa hesabu. Usisome bei, soma bei ya kilo. Bei ikipanda watengenezaji wengi huogopa kuandika bei mpya, basi hupunguza kilichomo. Kipande cha sabuni ya kufulia kilichokuwa kilo moja sasa utakipata cha gramu 800, 700, na vyote kwa macho ni sabuni ndefu. Tuseme cha gramu 700 ni shilingi 140, na cha kilo nzima ni 180. Ukikimbilia cha 140 umenunua sabuni kwa shilingi 200 kwa kilo. Maziwa ya pakiti ni hivyo hivyo: kuna ya mililita 500 na kuna ya 450, na pakiti zinafanana kama pacha. Tuseme ya 450 ni shilingi 55 na ya 500 ni 60. Ile ya 55 ndiyo ghali, ingawa kwa lita moja tofauti ni shilingi mbili tu. Mkate una wa gramu 400, 600 na 800. Simu yako ina kikokotoo, na hakuna atakayekucheka ukisimama pale kwenye rafu ukipiga hesabu. Wakikucheka, wacheke.

Ukubwa nao si dhamana. Wengi tunaamini pakiti kubwa lazima iwe nafuu, na maduka yanajua tunaamini hivyo. Mara kwa mara nimekuta chupa mbili za lita moja za mafuta zikiwa na bei ya chini kuliko moja ya lita mbili, kwa kuwa zile ndogo ndizo zilikuwa na ofa wiki hiyo.

Unga nauweka peke yake, kwa sababu unga ndio nyumba. Wanaokumbuka Julai 2022, serikali iliposhusha pakiti ya kilo mbili hadi shilingi 100 kutoka zaidi ya 200, wanakumbuka pia rafu tupu. Bei nzuri isiyokuwepo haishibishi mtu. Kwetu tuna njia mbili: unga wa pakiti, na mahindi ya gorogoro, yale yanayopimwa kwa kopo sokoni, tunayopeleka kusagwa. Ya pili kwa kawaida ni nafuu, na ugali wake una ladha ambayo mama mkwe wangu hataki kubishana nayo. Lakini kuna mambo mawili. Tangu 2012 sheria inataka unga wa mahindi wa pakiti uongezwe vitamini na madini kama chuma, na ule wa kinu cha mtaani kwa kawaida hauongezwi kitu. Ukiwa na watoto wadogo, changanya: wiki hii pakiti, wiki ijayo kinu. Jambo la pili ni sumukuvu, yaani aflatoksini, sumu inayotokana na ukungu wa nafaka. Novemba 2019 KEBS ilipiga marufuku aina tano za unga kwa sababu aflatoksini ilizidi kipimo, na hizo zilikuwa pakiti zenye majina tunayoyajua. Kwa hiyo usidhani pakiti peke yake ni kinga, wala usidhani gorogoro ni salama kwa kuwa umeyaona mahindi kwa macho. Mahindi yenye unyevu, yanayonuka ukungu au yenye punje za rangi ya kijani na nyeusi, usiyanunue hata uambiwe ni ya bure. Hata yaliyo mazuri, yakaushe vizuri kabla ya kuyasaga, na usihifadhi unga wa miezi mitatu kwa sababu ulipata ofa.

Mboga na viazi, nenda soko la Wakulima, au kwa mama mboga wa mtaani. Viazi vinashuka kutoka Molo, Kuresoi na Mau Narok, safari ya asubuhi moja. Ukinunua viazi aina ya shangi kwa ndoo Jumamosi mapema, kabla wenye hoteli hawajachagua, unapata vya saizi moja visivyo na macho ya kijani. Kwenye supamaketi ya bei ya chini viazi hivyo hivyo vimekaa ndani ya wavu chini ya taa, na sukuma imelala. Si kosa lao sana. Wateja wao huja kutafuta sukari na mafuta, mboga haitoki haraka, basi inazeeka pale pale. Shemeji yangu wa Kisumu hununua nyanya, dagaa na ndizi soko la Kibuye na haoni sababu ya kupita kwenye rafu za mboga za duka lolote. Namuunga mkono.

Mama mboga ana jambo jingine ambalo lebo haina. Anakujua. "Kastoma, hizi nyanya ni za leo lakini chukua hizi za kesho ukipika kesho." Anakuongezea dania, anakukatia sukuma, na siku ambayo mshahara umechelewa anakuandikia. Kwenye hesabu ya mwezi hilo lina thamani, hata kama haliingii kwenye risiti. Wale wanaomhama mama mboga kwa sababu kabeji supamaketi imepungua shilingi kumi, nawatakia heri Januari ikifika.

Maziwa, kama mtaa wenu una mashine safi ya kupimia, ni nafuu kuliko pakiti. Chukua chombo chako, chemsha ukifika. Nyama, bucha. Mwaka 2019 uchunguzi wa runinga ulionyesha nyama ya baadhi ya supamaketi ikitiwa kemikali ili ibaki nyekundu, na tangu hapo mimi hununua pale ninapoona inakatwa, na pale wateja wanapopanga foleni hadi nyama inaisha siku hiyo hiyo.

Kuna gharama ambayo wengi hawaiandiki: nauli. Mimi naishi upande wa Pipeline. Nikienda mjini kwa matatu na kurudi, halafu boda ya kunifikisha mlangoni kwa sababu mzigo ni mzito, punguzo la vitu vinne limekwisha barabarani. Safari ya duka la jumla ina maana ukibeba mzigo wa mwezi. Kwa shopingi ya wiki ya vitu kumi, duka la mtaani lenye bei ya juu kidogo linaweza kukutoka nafuu zaidi. Ndiyo maana kwetu familia nyingi hazifanyi shopingi ya wiki kama ya Uingereza. Kabati hujazwa mwisho wa mwezi, sokoni huendwa Jumamosi, na vitu vidogo hununuliwa kila siku kwa kibanda. Usiuvunje mtindo huo ili ufanane na watu wa runinga.

Chama ndicho kinachofanya duka la jumla liwe jumla kweli. Mke wangu na majirani zake huchanga, wananunua unga kwa beli, pakiti 12 za kilo mbili mbili, na mafuta kwa jerikeni ya lita 20, kisha wanagawana. Wanapata ile bei ya pili kwenye lebo, na boda au pikapu wanalipa pamoja. Mkipima mafuta, kila mtu aje na chupa kavu kabisa, na mpimaji awe mmoja yule yule kila mwezi. Urafiki wa miaka umewahi kuingia doa kwa sababu ya nusu kikombe. Na mkataeni mapema yule anayetaka kulipa akishapokea.

Kwenye keshia, usiache macho. Nimewahi kukuta bei ya rafu ni moja na ya mashine ni nyingine, tena kwenye kitu kilichobandikwa ofa ya rangi nyekundu. Piga picha ya lebo kabla ya kwenda kulipa. Sema kwa upole, lakini sema, na uite msimamizi kama keshia hana uwezo wa kurekebisha. Wakikataa, acha kitu hicho pale. Usione haya foleni iliyo nyuma yako, nao wananunua kwa pesa. Malalamiko ya namna hiyo Mamlaka ya Ushindani huyapokea, na risiti yako pamoja na ile picha ndivyo ushahidi. Beba mifuko yako pia. Ile ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017 na hii ya kitambaa wanakuuzia, na ukinunua miwili kila safari, hiyo nayo ni bei ya pakiti ya chumvi.

Kuhusu pointi za kadi: zichukue, ni za bure, lakini usizilimbikize ukingoja Krismasi. Januari 2020 wadai wa Nakumatt walipiga kura kampuni ifungwe, na duka likifungwa pointi hazina pa kutumika. Zikifika za kununua pakiti ya sukari, nunua hiyo sukari siku hiyo.