Droni karibu na uwanja wa ndege wa Ukunda
Kaka wa Likoni, umeuliza kama waweza kurusha droni yako Diani, jirani na uwanja wa Ukunda, mradi isipande juu ya minazi. Nakusihi, usijaribu. Kanuni za droni za 2020 zinakataza kurusha bila kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Kenya, ndani ya kilomita 7 hata kwa viwanja vidogo kabisa, na 10 kwa vikubwa kama Moi wa Mombasa. Ufuo wa Diani umo ndani kabisa. Na droni yenyewe sharti isajiliwe.

Hiyo minazi isikudanganye. Ndege ikikaribia kutua hushuka hadi unaona magurudumu waziwazi, na rubani hawezi kuona kitu cha ukubwa wa sahani. Betri ni ngumu kama jiwe; ikigonga rafadha, yaani pangaboi la ndege, kuna abiria mle ndani, kaka.