"Sijui wewe unaonaje, kaka?"

Nilipofungua duka la spea za pikipiki hapa Ngarenaro, Arusha, sentensi yangu ya kila siku ilikuwa hii: "Nadhani ndiyo yenyewe, au? Sijui wewe unaonaje, kaka?" Na hapo najua kabisa kwamba ndiyo yenyewe. Dereva wa boda anaigeuzageuza spoketi, ile gia ya mnyororo, mkononi, kisha ananiuliza, "Mwenye duka hayupo?" Mwenye duka ni mimi, huyu huyu dada.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa ananisaidia wakati wa likizo. Spea hazijui, lakini akisema "Beba hii, haikusumbui," mtu anatoa hela. Mara tatu mzigo ulirudishwa, tena kwa heshima.

Nikajaribu kuongea kama machalii wa kijiweni: "Oya mwanangu, ndo hiyo, lete hela." Mama mmoja aliyekuwa anapita akaniuliza kama nimegombana na mtu nyumbani. Huko usiende.

Mwaka 1975 Mmarekani mmoja mtaalamu wa isimu, yaani elimu ya lugha, Robin Lakoff, aliandika kwamba kusitasita kwa namna ile ya "nadhani" na "au?" ni lugha ya wanawake. Mwaka 1980 wenzake, William O'Barr na Bowman Atkins, wakachapisha waliyoyasikia mahakamani North Carolina, hukohuko Marekani: wanaume wa hali ya chini walisitasita vilevile, na mwanamke mtaalamu alitoa ushahidi bila kuyumba. Nikamkumbuka dereva mmoja, mbabe wa kijiwe chetu, niliyemkuta dirishani kwa afisa mikopo: "Samahani dada, nilikuwa naomba kuuliza, kama inawezekana lakini..." Sauti laini, humtambui!

Kwa hiyo, dada yangu, usianze kwa kubadilisha sauti. Toa "nadhani" kwenye kitu unachokijua, na mahali pake weka sababu. Siku hizi naiweka spoketi ya zamani juu ya mpya: "Hesabu meno, 14 kwa 14. Inaingia." Halafu nanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikonishinda muda mrefu, maana mdomo unataka kuongeza "au siyo?"

"Naomba" na "karibu" ziache palepale. Hiyo ni adabu, wanaume wetu nao wanaomba. Hata "mwaya" sijaiacha, mteja akiwa mwanamke mwenzangu.

Mdogo wangu naye nimemfundisha sentensi moja, na ilimtoa jasho kuliko kubeba mzigo: "Sijui, ngoja nimuulize dada."