Re: Nitengeneze ukurasa wa pili wa kuprinti?

Futa hiyo chapa.php, huo ukurasa wako wa pili wa kuprinti. Ifute kwanza ndipo uendelee kusoma.

Wasema invoisi zako zatoka kwenye databesi, ukiprinti menyu na vitufe vyote vyamwagika kwenye karatasi, basi umeamua kuunda ukurasa wa pili wa printa tu. Halafu waulizia nembo na namba za kurasa. Nembo! Ndugu yangu, nyumba yaungua wewe wauliza rangi ya pazia.

Mimi ujinga huo nilitiwa na mwalimu wangu wa chuo: kila ukurasa uwe na pacha wake wa karatasi, eti ndivyo mafundi wakubwa wafanyavyo. Mafundi hao nawatafuta hadi leo.

Mteja wangu alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Mwembe Tayari, Mombasa. Kurasa mbili, kila mmoja na hesabu yake ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Aprili 2020 kodi iliposhuka kutoka asilimia 16 hadi 14, nilirekebisha zote mbili nikajiona bingwa. Tarehe 1 Januari 2021 ikarudi 16. Nikarekebisha wa skrini, nikaenda zangu Mama Ngina kula mihogo. Wa karatasi haukunijia hata akilini.

Sasa piga hesabu. Mali ya laki moja: skrini yasema 116,000, karatasi yasema 114,000. Mnunuzi alipe ipi? Aliyoishika mkononi, hata ungekuwa wewe. Keshia naye apokea kwa karatasi hiyo hiyo. Januari nzima hakuna aliyegutuka. Tulishtukia Februari, tarehe 20 ya kupeleka hesabu za kodi ikikaribia: mfumo wadai 16, droo ina 14. Mzee mwenye duka hakupiga kelele. Aliniita "mwanangu", akaniagizia kahawa chungu, akanitandazia rundo la nakala mezani. Heri angenitukana. Pengo nililiziba mimi, kidogo kidogo, hadi Ramadhani ikanikuta nafuturu uji mtupu. Mwalimu hakunichangia hata tende.

Ukurasa ni mmoja, staili ndiyo ibadilike. Ndani ya CSS yako, yaani msimbo wa sura ya ukurasa, ongeza @media print (kanuni za wakati wa kuprinti tu), humo menyu na vitufe uvipe display: none visionekane. Basi. Hesabu ni ile ile, haina wa kugombana naye. Jambo lenyewe limo katika CSS2, toleo la pili la CSS, tangu 1998, kabla mwalimu wangu hajaanza kupotosha watoto wa watu.

Jedwali likiwa ndani ya boksi la kuskroli, kwenye hiyo @media print weka overflow: visible lionekane lote, na uondoe kimo ulichokifunga, maana karatasi haiskroliwi. Safu mlalo za jedwali zipe break-inside: avoid zisikatwe kiuno. Kisha Ctrl+P, tazama kwanza kabla hujamaliza rimu ya watu.

Na hiyo chapa.php usiiache pale, "huenda ikafaa". Yangu niliiacha, na kitufe cha keshia kikaendelea kuifungua wiki mbili zaidi.