Wasomaji Wanauliza: Kura ya Myahudi Shoga wa Mrengo wa Kushoto Marekani

Katika toleo lililopita tuligusia kundi la wapiga kura wa Marekani ambalo halisemwi sana kwa Kiswahili: Wayahudi mashoga wenye siasa za mrengo wa kushoto. Tuliandika kwamba wengi wao hukipa kura chama cha Democratic huku wakikilalamikia chama hichohicho. Barua zimekuja nyingi. Tumechagua zinazouliza namna kura yenyewe inavyofanya kazi, maana humo ndimo msimamo wao unamoeleweka.

Wahariri, salamu. Mtu analalamika mwaka mzima, halafu siku ya kura anakipigia chama kilekile. Si afadhali akipigie chama kidogo kinachosema anachokiamini? (Msomaji, Nakuru)

Ingekuwa afadhali kama kura za urais zingejumlishwa nchi nzima. Hazijumlishwi. Rais huchaguliwa na wajumbe 538 waliogawanywa kwa majimbo, na anayefikisha 270 ameshinda. Katika majimbo 48 na mji mkuu Washington, anayeongoza hata kwa kura moja huzoa wajumbe wote. Maine na Nebraska pekee hugawa baadhi ya wajumbe wao kwa wilaya za ubunge.

Kwa hiyo swali la kwanza la mpiga kura huyu ni: naishi wapi? Aliyeko San Francisco anaweza kukipigia chama kidogo ili kukionya chama chake, na matokeo ya urais California yasitikisike. Aliyeko Michigan hana nafasi hiyo. Mwaka 2016 jimbo hilo liliamuliwa kwa kura 10,704. Georgia mwaka 2020 iliamuliwa kwa kura 11,779. Kidonda cha Florida cha mwaka 2000 hakijasahaulika: George W. Bush wa Republican alimshinda Al Gore wa Democratic kwa kura 537, na Ralph Nader wa Chama cha Kijani akapata 97,488. Si wote waliompigia Nader wangekwenda kwa Gore. Wengine wangebaki nyumbani. Lakini hata sehemu ndogo yao ingetosha kubadilisha rais.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo ni mahakama. Haki nyingi za mashoga Marekani zimetoka kwa majaji kabla ya kutoka bungeni. Edith Windsor, mjane Myahudi wa New York, alitozwa kodi ya urithi ya dola 363,053 baada ya mwenzi wake, Thea Spyer, kufariki, kwa sababu sheria ya mwaka 1996 iliizuia serikali ya shirikisho kuitambua ndoa yao. Alikwenda mahakamani, na mwaka 2013 akashinda katika Mahakama ya Juu. Tarehe 26 Juni 2015, kwa kura 5 dhidi ya 4, mahakama hiyohiyo iliruhusu ndoa za jinsia moja nchi nzima. Ushindi wa tofauti ya jaji mmoja hauwezi kumpa mtu usingizi. Mwaka 2022 mahakama ilipofuta haki ya kikatiba ya kutoa mimba, Jaji Clarence Thomas aliandika kwamba uamuzi wa 2015 nao unapaswa kuangaliwa upya.

Bunge lilijibu Desemba 2022 kwa sheria ya kulinda ndoa hizo, na hapa watu wengi hukosea. Sheria hiyo inailazimu serikali ya shirikisho na kila jimbo kuitambua ndoa iliyofungwa kihalali mahali pengine. Hailazimishi jimbo kutoa cheti cha ndoa. Uamuzi wa 2015 ukianguka, wenzi wanaoishi katika jimbo linalokataa itabidi wasafiri kwenda kuoana jimbo jingine, kisha warudi na karatasi zao.

Majaji huteuliwa na rais na kuthibitishwa na Seneti kwa wingi wa kawaida wa kura. Muswada wa sheria kwa kawaida huhitaji maseneta 60 kati ya 100 ili mjadala ufungwe, na ndiyo maana sheria ya usawa kwa mashoga ilipita Baraza la Wawakilishi mwaka 2019 na tena 2021, ikakwama Seneti mara zote mbili. Anayepiga kura ya urais na kuruka ya Seneti ameacha nusu ya kazi.

Mimi nilidhani kura ya Wayahudi ni Israel basi. Hawa wa mrengo wa kushoto wanaliwekaje jambo hilo? (Msomaji, Tanga)

Ndugu yetu, Wayahudi ni kama asilimia 2.4 ya watu wazima wa Marekani, na hawana sauti moja. Utafiti wa kituo cha Pew cha Marekani wa mwaka 2020 ulikuta takriban saba katika kumi wanaegemea Democratic, huku robo tatu ya wale wa Orthodoksi, madhehebu ya Kiyahudi yanayoshika sana mapokeo, wakiegemea Republican. Wa Reform, madhehebu ya kimageuzi ambayo ndiyo yenye watu wengi zaidi, wana marabi mashoga wanaotambulika. Umoja wa marabi wao uliwakubali mwaka 1990. Myahudi shoga wa New York anaweza kusali Congregation Beit Simchat Torah, sinagogi lililoanzishwa na mashoga mwaka 1973, bila kuficha kitu.

Israel ndipo anapobanwa pande zote mbili. Juni 2017 huko Chicago, watu watatu waliobeba bendera za upinde wa mvua zenye nyota ya Daudi waliambiwa waondoke kwenye Dyke March, maandamano ya wasagaji. Wanaharakati wenzao ndio waliowatoa. Upande wa pili, anayeikosoa serikali ya Israel huambiwa na ndugu zake kwamba amewasaliti watu wake. Wengi wa kundi hili wanazishika zote mbili: wanataka Waisraeli waishi salama, na wanataka Wapalestina wawe na haki na nchi yao. Shirika la J Street lilianzishwa kwa watu wa msimamo unaokaribiana na huo, ingawa walio kushoto zaidi huliona ni la upole mno.

Mvutano huu huamuliwa zaidi kwenye mchujo, yaani kura ya chama ya kuchagua mgombea wake, kuliko kwenye uchaguzi mkuu wa Novemba. Mwaka 2024, mfuko wa kampeni wa AIPAC, kundi linaloiunga mkono Israel, ulitumia zaidi ya dola milioni 14 dhidi ya mbunge Jamaal Bowman wa New York, akaangushwa na George Latimer kwenye mchujo wa Democratic tarehe 25 Juni. Matangazo yale kwa sehemu kubwa hayakuitaja Israel. Yalimshambulia Bowman kwa kura alizopiga bungeni. Ndiyo maana mpiga kura makini hutazama mwisho wa tangazo, pale panapoandikwa nani amelipia, kisha hulitafuta jina hilo kwenye tovuti ya Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho. Katika siku 20 za mwisho kabla ya kura, matumizi ya aina hii ya dola 1,000 au zaidi lazima yaripotiwe ndani ya saa 24. Kuna muda wa kuyaona kabla hujapiga kura.

Niliwahi kusikia kwamba wazee wa Kiyahudi wa Florida walimpigia Pat Buchanan, mhafidhina aliyeshutumiwa kwa kauli dhidi ya Wayahudi, mwaka 2000. Inawezekanaje? (Msomaji, Muscat)

Karatasi ndiyo iliyowapoteza. Katika wilaya ya Palm Beach, yenye wastaafu wengi wa Kiyahudi, majina yalipangwa kurasa mbili zilizofunguka kushoto na kulia, na safu moja ya matundu ya kutoboa katikati. Kushoto, Bush alikuwa wa kwanza na Gore wa pili. Lakini tundu la pili kutoka juu lilikuwa la Buchanan, aliyeandikwa ukurasa wa kulia. La Gore lilikuwa la tatu. Mzee anayeona jina la Gore likiwa la pili akatoboa tundu la pili, amempigia Buchanan. Wengine waligundua kosa, wakatoboa na la tatu, na karatasi yenye matundu mawili ikawa imeharibika.

Buchanan alipata kura 3,407 katika wilaya hiyo, na karatasi zaidi ya 19,000 zilitupwa kwa kutobolewa mara mbili. Buchanan mwenyewe alikiri hadharani kwamba nyingi ya kura zile hazikuwa zake. Mgombea mwenza wa Gore alikuwa Joe Lieberman, Myahudi wa kwanza kuwania umakamu wa rais kwa tiketi ya chama kikubwa, na wazee wale walikwenda vituoni kumchagua yeye. Kumbuka tofauti ya jimbo zima: 537.

Ukikosea karatasi, usisahihishe kwa kufuta wala kuongeza alama. Irudishe kwa msimamizi kabla ya kuitumbukiza, uombe nyingine.

Zohran Mamdani, aliyeshinda umeya wa New York, ni mzaliwa wa hapa kwetu Kampala. Alipataje kura za Wayahudi wa New York, na ule mtindo wa kupanga wagombea ukoje? (Msomaji, Kampala)

Mchujo wa Democratic wa umeya ulifanyika tarehe 24 Juni 2025. Mpiga kura aliruhusiwa kupanga wagombea hadi watano, wa kwanza mpaka wa tano. Asipopatikana wa zaidi ya nusu, anayeshika mkia huondolewa, na kura zake huhamia kwa aliyepangwa nafasi inayofuata kwenye kila karatasi. Zoezi linarudiwa hadi wabaki wawili.

Brad Lander, wakati huo mkaguzi wa fedha wa jiji, na Myahudi wa mrengo wa kushoto, alikubaliana na Mamdani siku chache kabla ya kura: kila mmoja aliwaomba wafuasi wake wamweke mwenzake nafasi ya pili. Hili lilimgusa sana mpiga kura tunayemzungumzia. Aliyekuwa na wasiwasi na kauli za Mamdani juu ya Israel aliweza kumweka Lander wa kwanza kwa moyo mweupe, kisha Mamdani wa pili, na kura yake isipotee Lander alipoondolewa. Katika hesabu ya mwisho Mamdani alipata kiasi cha asilimia 56 dhidi ya Andrew Cuomo, aliyekuwa gavana wa New York.

Makosa tunayoyaona kwenye mtindo huu ni yaleyale. Kumweka mtu mmoja nafasi zote tano hakumwongezei kitu. Inahesabiwa mara moja. Kuweka wawili kwenye nafasi moja kunaifuta nafasi hiyo na zote zinazofuata. Na asiyempanga yeyote kati ya wawili wa mwisho, karatasi yake imekwisha kabla ya hesabu kuisha. Kama kuna mgombea unayemwogopa, hakikisha mpinzani wake mkuu yumo mahali fulani kwenye orodha yako, hata awe wa tano.

Novemba hakukuwa na kupanga. Mtindo huo jijini New York ni wa michujo na chaguzi ndogo. Cuomo alirudi kama mgombea binafsi, Mamdani akashinda kwa zaidi kidogo ya nusu ya kura. Uchunguzi wa wapiga kura ulionyesha Wayahudi wengi walimpa Cuomo, na karibu theluthi moja Mamdani. 

Watu wachache namna hiyo wanachaguliwaje wenyewe? (Msomaji, Unguja)

Tazama mipaka ya eneo la uchaguzi. Harvey Milk, Myahudi na shoga, aligombea udiwani San Francisco mwaka 1973 na 1975, wakati kila diwani alipigiwa kura na jiji zima. Alishindwa mara zote mbili. Mwaka 1976 wananchi walipitisha madiwani wachaguliwe kwa kata, na mwaka 1977 akashinda katika kata iliyojumuisha mtaa wa Castro, walikoishi mashoga wengi. Aliuawa Novemba 1978 ofisini, pamoja na meya George Moscone. Leo hali ni pana zaidi: Jared Polis alichaguliwa gavana wa Colorado mwaka 2018, na Becca Balint mbunge wa jimbo zima la Vermont mwaka 2022. Wote wawili ni Wayahudi na ni wapenzi wa jinsia moja.

Nimepata uraia mwaka huu. Majirani zangu ni wanaume wawili Wayahudi, wananisisitiza nisikose kura ya Agosti. Ina umuhimu gani, na nifanyeje? (Msomaji, Minneapolis)

Hongera sana. Majirani zako wana hoja. Kwenye wilaya ambayo chama kimoja hushinda daima, mshindi wa Agosti ndiye mbunge. Novemba ni kuthibitisha tu. Na wanaojitokeza kwenye mchujo huwa wachache, kwa hiyo kura moja ina uzito mkubwa.

Minnesota hakuna kujiandikisha kwa chama. Mchujo ni Jumanne ya pili ya Agosti. Unaweza kujiandikisha kituoni siku hiyohiyo ukiwa na leseni ya udereva yenye anwani yako ya sasa. Ikiwa anwani ni ya zamani, beba na bili ya umeme au mkataba wa kupanga. Huna hata kimoja? Mpiga kura aliyejiandikisha wa eneo lako la kupigia kura anaweza kukudhamini kwa kiapo, na majirani hao wanafaa.

Karatasi ina safu ya kila chama. Chagua safu moja ubaki humohumo. Ukitia alama kwa mgombea wa Democratic (huko huitwa DFL) na mwingine wa Republican, kura zako zote za upande wa vyama hazihesabiwi.

Ukihamia New York usitumie mazoea haya. Kule mchujo ni wa wanachama tu, na anayetaka kubadilisha chama lazima afanye hivyo kufikia tarehe 14 Februari, miezi minne kabla ya mchujo wa Juni. Wengi huamka Mei, wamechelewa. Na kama nyumbani kuna ndugu mwenye kadi ya ukaazi tu, mwambie asome kila kisanduku anapochukua leseni ya udereva: fomu hizo huuliza kuhusu kujiandikisha kupiga kura, na asiye raia akijibu kwamba ni raia, kisha akapiga kura ya shirikisho, anaweza kushtakiwa na kurudishwa alikotoka.